Nilizisikia Filamu Kabla ya Kuziona

Mwaka 2006, mgao wa umeme ulipokuwa umeibana nchi nzima, pale Muheza kulikuwa na jenereta mbili nilizozitambua kwa mlio: ya mashine ya kusaga na ya banda la video. Ile ya banda ilikohoa mara tatu kabla ya kushika. Nikisikia kikohozi cha kwanza nilikuwa nimeshajitwisha beseni, maana jenereta ikiwaka watu wanajaa, na watu wakijaa machungwa yanatoka. Nilikuwa na miaka 10.

Lilikuwa banda umiza kama mabanda umiza yote. Mabati chakavu pande tatu, gunia mlangoni, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, televisheni ya inchi 21 juu ya meza ndefu na deki ya kanda chini yake. Kiingilio shilingi 50 kwa watoto, 100 kwa wakubwa. Mwenye banda alikuwa amefunga spika moja nje, juu ya mlango, ili wapita njia wasikie wavutike. Spika ile ndiyo iliyonipeleka kwenye sanaa, nalisema hili bila kutia chumvi.

Mtoto wa kike alikuwa haingii mle. Hapakuwa na tangazo mlangoni, lakini mji mzima ulijua. Wavulana niliokaa nao dawati moja waliinama wakapita chini ya gunia, mimi nikabaki nje na beseni, kigoda na kisu. Siku niliyothubutu kuinua pembe ya gunia mwenye banda alinifokea: "We mtoto, nitamwambia mama yako." Kwa mtu anayemjua mama yangu, hayo hayakuwa maneno ya kupuuza. Basi nikakaa chini ya spika, nikamenya machungwa, nikasikiliza.

Sauti iliyotoka pale mara nyingi ilikuwa ya Lufufu. Walio wadogo kwangu huenda hawamjui. Ni Derek Mukandala, aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje, mtu mmoja akawabeba wahusika wote, mwanamke kwa mwanamume, jambazi kwa askari. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana mavijei wao, lakini kwa sisi tuliokua enzi za kanda, Lufufu ndiye aliyekuwa sinema yenyewe. Hakufanya kazi ya ukalimani. Alikuwa msimuliaji. Mtu akifunga safari kwenye filamu, Lufufu anakwambia anakokwenda, anachokiwaza njiani, na nani anamsubiri mbele. Halafu ghafla ananyamaza. Kule ndani wavulana wanalipuka kwa kelele, na mimi nje najua kwamba ngumi zimeanza, ila za nani kwa nani, hilo nalimalizia mwenyewe.

Nilizimalizia kwa vitu nilivyokuwa navyo. Mlima wowote uliotajwa ulikuwa Usambara, kwa sababu ndio mlima uliokuwa mbele yangu. Mto wowote ulikuwa Zigi. Mfalme alikuwa na sura ya mwalimu mkuu wetu, na binti aliyetekwa alikuwa na gauni la dada mmoja wa kwaya. Miaka mingi baadaye nilikuja kuiona filamu mojawapo, nikakuta ile safari ndefu ya kijana na babu yake wanatembea juu ya theluji. Muda wote ule mimi niliwapitisha kwenye mashamba ya mkonge. Nilikaa mbele ya skrini nikahisi kama nimepotelewa na kitu, na nikamsikitikia kidogo yule aliyeitengeneza, kwa sababu yangu ilikuwa nzuri zaidi.

Hebu nieleze na kile kisu, maana kitarudi. Kilikuwa kisu cha mama, kidogo, kimenolewa miaka na miaka mpaka ubapa wake umekuwa mwembamba kama jani la mchaichai. Mpini ulikuwa umezungushiwa mpira wa baiskeli. Chungwa la kuuza linamenywa ganda la juu tu, ganda jembamba la kijani, linatoka utepe mmoja mrefu usiokatika, chungwa linabaki na weupe wake. Ukimenya kina, maji yanachuruzika na mteja anakataa. Mama alimenya bila kutazama. Kisu chake kilikuwa na mlio wa kukwaruza, taratibu, halafu mwishoni kinakata kichwa cha chungwa kwa pigo moja. Kwaru, kwaru, kwaru, tap. Alinifundisha kwa sikio. "Ukisikia kimya ujue umezama kwenye nyama," aliniambia.

Tarehe 7 Aprili 2012 Steven Kanumba, nyota wa filamu zetu, alifariki. Nilikuwa kidato cha tatu. Watu wasiokuwepo nchini siku zile hawawezi kuelewa jinsi habari ile ilivyoshuka juu yetu. Kijana wa Shinyanga, miaka 28, ambaye uso wake ulikuwa umebandikwa kwenye kila duka la kanda na CD kuanzia Mwanza hadi Mtwara. Siku ya mazishi mwenye banda aliwasha televisheni asubuhi, akalitoa gunia mlangoni na hakudai kiingilio. Kina mama waliingia na kanga zao mabegani. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza mihogo aliingia na sinia lake. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikaingia banda la video la Muheza, miaka sita baada ya kulijua kila tamko lake. Nilikaa benchi la tatu. Tuliona ule umati pale Leaders Club, tuliona watu wanazimia, tuliona safari ya kwenda makaburi ya Kinondoni. Nilichokishika siku ile ni kwamba mama yangu, ambaye hakuwahi kumwona Kanumba hata mara moja ana kwa ana, alikuwa analia kama aliyefiwa na mdogo wake. Nikajiuliza ni kazi gani hiyo, inayomfanya mtu wa Dar es Salaam awe ndugu wa muuza machungwa wa Muheza.

Nyumbani niliposema nataka uigizaji, mjomba alisema mambo ambayo wajomba husema. Uhuni, umalaya, mtoto wa kike atapotea. Mama alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza swali moja: "Kuna shule yake?" Nikamwambia ipo, Bagamoyo. "Basi soma kwanza," akasema, na kuanzia hapo akaanza kuweka hela kwenye kopo la maziwa.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mimi nilikwenda nikidhani naenda kufundishwa kulia machozi mbele ya kamera. Nikakuta ngoma. Asubuhi ngoma, mchana ngoma, na jioni ukipita ufukweni unakuta wenzako wanapiga ngoma. Wiki za mwanzo nilinung'unika moyoni. Nilicheza kwa kuhesabu hatua, moja mbili tatu nne, na kila mara nilikuwa nimechelewa kwa nusu ya pigo. Mwalimu wetu, mtu mzima aliyeshiba sindimba tangu utoto wake kule Newala, alinitoa kwenye mstari. Sikutukanwa. Alinikalisha chini karibu na mpigaji, mgongo wangu ukiwa umegusa ngoma kubwa, akaniacha hapo kipindi kizima. Ile ngoma iliingia kifuani kupitia mgongoni. Niliporudi kwenye mstari sikuhesabu tena.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyetufundisha uigizaji, na zoezi lake kubwa lilikuwa gumu kuliko sarakasi. Mnakaa wawili, mnatazamana. Mwenzako anasema sentensi. Huruhusiwi kujibu mpaka sentensi ile ikufanye kitu: ikukere, ikuchekeshe, ikuume. Isipokufanya kitu, mnakaa kimya, hata dakika kumi. Wengi wetu tulikuwa tumekariri maneno yetu na tunasubiri zamu. Yeye alikuwa anaona. "Wewe humsikii mwenzako," alikuwa anasema, "unasubiri anyamaze." Maneno hayo yamenifuata kila seti niliyowahi kukanyaga.

Dar es Salaam sitaizungumzia sana. Kila msanii chipukizi ana hadithi yake ya Dar na zinafanana: chumba cha kupanga Manzese, nauli ya daladala mara mbili kwa siku kwenda kwenye usaili, kuambiwa "tutakupigia". Niliwahi kuitwa usaili saa tatu usiku kwenye nyumba ya wageni. Nilifika hadi mlangoni, nikageuka, na nafasi ile ikaenda kwa mwingine. Naliandika hili kwa sababu najua kuna wadogo zangu wanasoma hapa, na wajue kwamba usaili halali unafanyika mchana, mbele ya watu.

Nilicheza ekstra mara nyingi: mhudumu wa baa, jirani msengenyaji, maiti mara moja. Halafu nikapata uhusika wenye maneno. Mke mdogo, sini tisa, na moja kati ya hizo ilikuwa ndefu, mimi peke yangu na mume sebuleni, ninamwambia kwamba naondoka. Tulishuti filamu nzima kwa siku nane. Ile sini ndefu tuliifanya usiku, nikiwa nimechoka, na nilimsikia mwenzangu kweli, kama nilivyofundishwa. Alipotamka neno la mwisho sikuweza kujibu mara moja, na kile kimya kilikuwa ndicho kitu bora nilichowahi kukifanya hadi siku hiyo. Kameramani alifuta macho.

Filamu ilipotoka nilimtumia mama. Alikusanya majirani. Baadaye akanipigia simu. Alisema: "Nimekuona, mwanangu. Umependeza sana. Ila ulikuwa unasema nini?"

Niliiwasha na mimi nikaitazama. Maiki waliyoitumia ilikuwa ile ya juu ya kamera, na kamera ilikuwa upande wa pili wa sebule. Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma. Ili kuficha ngurumo, mtu wa kuediti alimwaga muziki wa kinanda juu ya sini nzima. Midomo yangu inacheza, macho yangu yanalia, na kile kimya changu kimejazwa kinanda. Nililala kifudifudi siku hiyo. Muongozaji nilipomuuliza aliniambia watu wetu hawajali sauti, wanataka picha kali. Nikawaza: mimi nimelelewa na spika juu ya mlango. Watu gani hao anaowazungumzia?

Ndipo nilipoanza kushika buum. Niliomba kwa fundi sauti mmoja, mmoja kati ya wachache wanaoijua kazi yao mjini, nimbebee vifaa bure. Buum ni mti mrefu wenye maiki nchani, unaushika juu ya vichwa vya waigizaji, nje ya fremu, mikono imenyooka. Dakika nne za sini ni dakika nne za mikono juu. Wiki ya kwanza nilikuwa siwezi kufunga kanga yangu mwenyewe usiku. Lakini nilivalishwa hedifoni, na ulimwengu ukafunguka. Nilisikia tumbo la mwigizaji likinguruma kwa njaa. Nilisikia hereni. Nilisikia, kabla muongozaji hajaona, kwamba mwigizaji fulani anadanganya, kwa sababu pumzi yake haikubadilika alipoambiwa baba yake amekufa.

Nilijifunza mambo ambayo hayaandikwi kwenye bango la filamu. Ukiingia nyumba ya watu kushuti, unazima friji yao, na funguo zako unaziweka ndani ya friji hiyo, ili usiweze kuondoka bila kuiwasha. Unaipanga siku kwa kufuata adhana, wala husubiri ikukute katikati ya sini ya mapenzi. Sini za nje unazifanya alfajiri kabla kunguru hawajaamka, maana kunguru wa Dar ndiye adui mkubwa wa fundi sauti. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakaenea mwambao mzima, na hakuna muongozaji anayeweza kuwaambia wanyamaze. Na kabla ya kuondoka lokesheni unarekodi sauti ya chumba. Kila mtu anaganda alipo kwa dakika nzima: waigizaji, mpishi mwenye mwiko, dereva mlangoni, na wewe unakinasa kile kimya, kwa sababu kila chumba kina kimya chake na mtu wa kuediti atakihitaji. Naipenda dakika hiyo kuliko zote. Watu ishirini waliokuwa wanagombana kuhusu posho wanasimama pamoja wakisikiliza chumba.

Naomba niseme wazi. Miaka yote tunaambiwa tatizo la filamu zetu ni hadithi, au kamera, au soko. Mimi naamini tumeiumiza zaidi sauti, na inaniuma kwa sababu sisi ni watu wa masikio. Tumekua na redio, na mashairi yanayoghaniwa, na taarab ambayo watu wanasubiri neno moja wainuke wakatunze. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, inayotokea Unguja na iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilikwenda tamasha la filamu la Toronto, na watu wengi walisifia picha zake. Mimi nilipoitazama nilikaa nimefumba macho kwa muda. Nilitaka kujua kama Unguja bado ipo nikiizima picha. Ilikuwepo.

Baada ya hapo nikaandika ya kwangu. Filamu fupi, dakika 14, kuhusu msichana anayeuza machungwa nje ya banda la video. Nilikuwa na akiba ya shilingi 1,200,000, kamera ya kuazima kwa siku tatu, kibali cha Bodi ya Filamu mkononi, na buum niliyoijua. Msichana tulimpata shule ya msingi palepale Muheza. Mama wa msichana nilimcheza mimi.

Kumcheza mama yako huku yeye amekaa hatua kumi kutoka kwenye kamera ni jambo ambalo hakuna aliyenitayarisha nalo. Nilidhani namjua. Nilikwenda wiki mbili kabla, nikakaa naye gengeni na kinasa sauti kidogo mfukoni, kwa ruhusa yake, na usiku nilisikiliza. Nikagundua kwamba mama hapandishi sauti anapotaja bei, anaishusha. Anaishusha mpaka mteja anainama kumsikia, na mteja akishainama ameshanunua. Miaka yote ile nilikuwa nimekaa naye na sikuwahi kulisikia. Nilipoanza kulifanya mbele ya kamera, nilimwona kwa pembe ya jicho ameacha kumenya.

Tatizo kubwa lilikuwa sauti ya ndani ya banda. Nilimtaka Lufufu, lakini zile ni kazi za watu, na filamu alizozisimulia ni za watu wengine tena. Sikutaka kuanza safari yangu kwa kuchukua kisicho changu. Nikamtafuta kaka mmoja aliyekuwa akitia maneno filamu papo hapo bandani, wakati kanda inapokosa sauti. Sasa ni dereva wa bodaboda, mtu wa makamo, sauti imekauka kidogo kwa vumbi. Nikamwambia: "Kaka, nisimulie filamu ambayo haipo." Alifikiri kidogo, akaomba maji, akafumba macho. Alisimulia dakika 40 bila kusimama. Kulikuwa na babu, kijana, deni la damu, mto uliofurika. Alipofika kwenye mapigano alinyamaza, palepale nilipotegemea anyamaze, na mikono yangu iliyoshika maiki ikaanza kutetemeka.

Filamu inaanza na giza. Sekunde 30 hakuna picha, kuna sauti tu. Wenzangu wawili walionisaidia kuediti walinisihi nipunguze, wakasema mtazamaji atadhani simu yake imeharibika. Nilikataa. Kwenye giza lile kuna kisu kinamenya chungwa. Nilikirekodi asubuhi nzima, machungwa 20, chumbani kwa mama, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, maiki iko upana wa kiganja kutoka kwenye ganda.

Mwezi wa saba, msimu wa machungwa, nilirudi nayo Muheza. Banda bado lipo. Siku hizi kuna king'amuzi na watu wanaingia kwa ajili ya mpira. Nilimpigia shikamoo mzee mwenye banda, nikamwomba saa moja kabla ya mechi, na akanipa bila kuuliza bei. Sijui kama alinikumbuka. Tulitundika shuka jeupe, tukaazima projekta ya kanisani. Nilikwenda kwa mama kumwambia asogee mbele, akasema yuko sawa hapo hapo benchi la nyuma, karibu na mlango. Mjomba alikuja akasimama.

Taa zikazimwa. Giza likashika, watoto wakaanza kucheka, mmoja akauliza kama umeme umekatika. Halafu kisu kikaanza. Kwaru, kwaru, kwaru. Banda likatulia. Kwaru, kwaru, tap.

"Kisu changu hicho," mama akasema kwa sauti, kama mtu aliyemtambua mtoto wake kwenye umati, na watu wote wakageuka kumtazama wakati picha ya kwanza inafunguka shukani bila wao kuiona.